Shangazi na uteo wa maharagwe: kuchora picha tulivu kwa rangi za mafuta, hatua kwa hatua

Picha ya kwanza niliyojaribu kumchora shangazi niliiharibu kabla sijafungua hata tyubu moja ya rangi. Nilikuwa nimesoma kwamba mchoraji anayetaka mwanga uliotulia atafute dirisha la kaskazini. Basi nikakisukuma kiti hadi dirisha la kaskazini la nyumba yetu hapa Kisumu, nikamkalisha na uteo wake wa maharagwe, nikaanza. Ilikuwa Juni. Kwa nusu saa ukuta nyuma yake ulikuwa mzuri ajabu, kijivujivu, umenyamaza. Mara jua likapanda juu ya paa la jirani, likaingia kwa mshazari na kumkata kifuani kwa mstari mweupe. Vivuli vyote nilivyokuwa nimevipima vikahama. Shangazi akafinya jicho moja, akaniuliza, "Mwanangu, unanichora mimi au unachora jua?"

Mwongozo huu ni wa picha ya namna hiyo: mtu mmoja chumbani, kazi ndogo mikononi, dirisha moja, na hakuna kinachotokea. Nitaifuata picha moja tangu mwanzo hadi mwisho, ubao wa sentimita 40 kwa 50, kwa sababu ukiweza kuimaliza hiyo utamweza fundi cherehani, mzee na gazeti lake, au mtoto aliyeinamia kazi ya shule. Tenga vikao vinane hivi vya saa mbili mbili, na majuma kadhaa ya kungoja rangi ikauke.

Dirisha kwanza

Ushauri wa dirisha la kaskazini ni wa kweli, ila ulizaliwa mbali. Uholanzi na Denmark jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupokea mwanga wa anga peke yake, usiobadilika sana tangu asubuhi hadi jioni. Kisumu iko kilomita zipatazo 10 tu kusini mwa Ikweta. Tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua letu hupita upande wa kaskazini; miezi iliyobaki hupita kusini. Kanuni yetu basi ni ya kugeuza: katikati ya mwaka tumia dirisha la kusini, Oktoba hadi Februari tumia la kaskazini. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua hupita utosini, na lolote kati ya hayo mawili litakufaa. Kakamega, Busia, Eldoret na Nakuru hesabu ni ile ile.

Wengi wetu tumepanga chumba chenye dirisha moja, na hakuna aliyetuuliza tunataka litazame wapi. Likitazama magharibi, chora asubuhi. Likitazama mashariki, chora alasiri, ingawa hapa ziwani alasiri nyingi huja na wingu na radi, na mwanga huzima ghafla kama uliofunikwa na sufuria. Ukikosa njia kabisa, tundika kipande kimoja cha amerikani nyeupe dirishani. Jua likikipiga kinageuka taa kubwa, laini. Rangi ya mwanga huo itaelekea umanjano kuliko ule wa anga, lakini hautamkata mtu uso.

Kabla ya kuamua, kaa chumbani siku moja nzima na daftari, uandike kila saa mwanga unapobadilika. Tazama pia kilichoko ng'ambo. Mabati mapya ya jirani hurusha mwako ndani kwa dakika kadhaa kila siku. Ukuta wa duka uliopakwa rangi za kampuni ya simu utakuletea kijani kwenye shavu la mtu, nawe usijue kimetoka wapi. Nimeshapigana na kijani hicho juma zima.

Ukitumia mkono wa kulia, dirisha liwe kushoto kwako, ili kivuli cha mkono kisilale juu ya kazi. Anayetumia kushoto ageuze. Mkalishe mtu wako kama mita moja na nusu kutoka dirishani, kisha usogeze kiti nusu mita mbele, nusu mita nyuma, ukitazama uso. Utashangaa nusu mita inavyobadilisha mambo. Karibu sana na dirisha, upande mmoja unaungua kwa weupe na mwingine unapotelea gizani. Mbali sana, uso unakuwa bapa kama sahani. Mahali panapofaa ni pale ambapo kivuli cha pua ni laini lakini bado unaweza kukionyesha kwa kidole.

Toa vitu

Hapa ndipo utulivu unapopatikana, na ndipo wengi wanapojinyima. Wanadhani picha tulivu ni mtu mwenye uso wa huzuni. Mchore mtu mwenye huzuni katika chumba chenye kalenda, flaski, televisheni na maua ya plastiki, utapata picha yenye kelele na mtu mwenye huzuni ndani yake.

Vilhelm Hammershøi, Mdenmark aliyeishi kati ya 1864 na 1916, alipanga nyumba Copenhagen, mtaa wa Strandgade namba 30, akakaa humo tangu 1898 hadi 1909, na vyumba vile vile akavichora tena na tena. Mara nyingi aliyemo ni mkewe Ida, mara nyingi ametupa kisogo. Ukuta mtupu, mlango, labda sinia. Yaliyobaki aliyaondoa. Johannes Vermeer wa Delft, aliyefariki 1675 na kuacha picha zisizofika 40 zinazojulikana leo, hata yeye hakupata utupu huo bure. Picha yake ya mjakazi anayemimina maziwa iko katika jumba la Rijksmuseum, Amsterdam, na mwaka 2022 watafiti wa hapo walitangaza kwamba chini ya ukuta ule mweupe kuna vitu alivyokuwa ameanza kuvichora: kishikio cha kuning'iniza majagi, na kikapu cha moto kilichosimama sakafuni. Alivifunika mwenyewe. Ukuta tunaousifu kwa ukimya wake ulikuwa na vyombo.

Kwa shangazi nilitoa kalenda, saa ya ukutani, flaski, na meza ndogo. Ugomvi ulikuwa juu ya vitambaa. Sofa yake ina vitambaa vya kushona kwa mkono, vyeupe, vyenye matundu, na kwake sofa bila vitambaa ni mtu bila shati. Lakini kitambaa cheupe chenye matundu mia mbili kitavuta jicho kuliko uso wowote. Nikavikunja, nikaahidi kuvirudisha. Nikamweka kwenye kiti cha mbao, nikabakiza ukuta, ukingo wa dirisha, uteo, na sufuria moja sakafuni ya kutilia maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa. Ukihesabu vitu vikazidi vitano, toa kimoja.

Mkao wenyewe uwe kitu anachokifanya kila siku. Mtu akiambiwa "kaa tu" hukaa kama yuko kwenye foleni ya benki. Mpe kazi, mtazame akiifanya kwa dakika kumi, halafu uchague sehemu moja ya mwendo wa mikono ambayo anarudia bila kufikiri. Kwa maharagwe ni pale kidole gumba kinapolisukuma jiwe hadi ukingo wa uteo. Mwambie, "Shangazi, ukifika hapo simama kidogo." Dakika 20 za kukaa, dakika 5 au 10 za kunyoosha miguu. Kabla hajainuka, zungushia nyayo zake na miguu ya kiti mistari ya chaki, la sivyo hutaupata tena mkao ule. Na umlipe. Hata akiwa wa nyumbani, nunua sukari.

Ubao na rangi

Kanvasi ya dukani ni nzuri, lakini kwa kazi ya ukubwa huu napenda hadibodi ya nguvu au plaiwudi nyembamba. Fundi seremala atakukatia. Piga msasa upande laini, futa vumbi, paka gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa na maji. Ukitaka uso wenye nyuzi, laza kipande cha amerikani kilichofuliwa juu ya gundi hiyo ikiwa mbichi, ukikunjie pembeni, ungoje hadi kesho. Kisha paka jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia, mapako matatu au manne membamba, kila moja likienda upande tofauti na lililotangulia, na msasa laini katikati. Usiruke hatua hii. Mafuta ya rangi yakigusa kitambaa kitupu hukiozesha taratibu, na yakigusa mbao tupu hunywewa, rangi ikabaki kavu kama chaki. Paka pako moja nyuma ya ubao pia. Unyevu wa Kisumu utaupinda ubao uliopakwa upande mmoja.

Rangi sita zinatosha: nyeupe ya titani, oka ya manjano, siena ya kuchoma, amba mbichi, nyekundu moja, na buluu ya altramarini. Oka, siena na amba asili yake ni udongo. Siena ya kuchoma ni udongo wa manjano-kahawia uliotiwa moto hadi ukawa mwekundu, jambo ambalo mtu yeyote aliyeona tanuru la matofali haelezwi mara mbili. Nyeusi sinunui. Hukauka polepole, na mwanafunzi akiwa nayo hujaza vivuli vyote masizi. Altramarini na siena ya kuchoma zikichanganywa nusu kwa nusu hutoa giza lililo hai, unaloweza kulipeleka kwenye ubuluu au uwekundu kadiri utakavyo.

Mafuta ni ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, ya wachoraji. Ya dukani kwa mafundi wa mbao, yale yaliyochemshwa, yametiwa dawa za kukausha na hugeuka rangi kuwa ya njano-kahawia, achia milango. Tapentaini ya kuzimulia rangi ya kwanza, brashi tano au sita (mbili za nywele ngumu, zilizobaki laini), kioo kidogo cha kujitazamia, na timazi. Timazi yangu ni uzi wenye nati ya boliti mwishoni.

Kuchora kabla ya kupaka

Chora kwanza vijipicha vinne au vitano, kila kimoja ukubwa wa kibiriti, kwa penseli, katika vivuli vitatu tu: mwanga, kati, giza. Usichore macho wala vidole. Unatafuta umbo la giza na umbo la mwanga na jinsi yanavyoshikana. Katika kijipicha nilichokichagua, ukuta ulichukua zaidi ya nusu ya ubao, na shangazi alikaa chini kulia, kidogo tu. Kwangu ndicho kilichofanya picha inyamaze. Mwanzo nilimjaza ubao mzima, akawa kama picha ya kitambulisho.

Sasa toni ya ubao. Amba mbichi na tapentaini, nyepesi kama chai ya rangi, ipakwe ubao mzima na kufutwa kwa kitambaa mpaka ibaki kahawia isiyokolea. Weupe wa jeso hudanganya: kila rangi juu yake huonekana nyeusi kuliko ilivyo. Acha usiku mmoja.

Simama mbali, umbali wa mara tatu wa urefu wa mtu unayemwona kutoka kichwani hadi miguuni. Pima kwa mpini wa brashi, mkono umenyooka kabisa, jicho moja limefungwa. Urefu wa kichwa ndiyo futi yako. Shangazi akiwa ameketi alikuwa vichwa vitano na kidogo tangu kilemba hadi nyayo. Kisha shusha timazi mbele ya jicho: kutoka pembe ya jicho lake uzi ulipita kwenye kifundo cha mkono na kutua kwenye kisigino cha kushoto. Nisingekisia hivyo hata kidogo. Ningemchora ameegemea nyuma. Mistari miwili au mitatu ya timazi hukuokoa na masahihisho ya siku tatu. Ukimaliza, tazama mchoro wako kwenye kioo. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wafanye hivyo, na mpaka leo ndiyo njia rahisi ya kuliona jicho lililopanda juu kuliko mwenzake.

Rangi ya chini

Kikao cha pili na cha tatu ni cha amba peke yake. Amba na tapentaini, bila mafuta ya kuongeza, bila nyeupe. Giza unalipaka, mwanga unaufuta kwa kitambaa. Huu ni uamuzi wa picha nzima ukiwa umevaa nguo moja tu.

Finya macho hadi kope zikaribie kukutana. Ukifinya, vitu vidogo hupotea na maumbo makubwa hubaki. Jiulize: kitu cheusi kuliko vyote chumbani ni kipi? Kwangu kilikuwa kivuli chini ya kiti, si nywele wala si ngozi. Kilicho cheupe kuliko vyote? Ukingo wa dirisha. Jipe ngazi 9, ya kwanza nyeupe na ya tisa giza kabisa, na kila umbo kubwa lipe namba. Ukuta wetu ulikuwa 4, ingawa mtu yeyote angekuambia ni mweupe. Uso upande wa dirisha 5, upande wa kivuli 8. Ukizibana ngazi za picha nzima ziwe karibu karibu, ukaacha mruko mkubwa mahali pamoja tu, utulivu unakuja wenyewe. Mimi mruko niliuacha kwenye mikono na uteo.

Amba hukauka upesi kwa sababu ina manganizi ndani yake. Siku moja au mbili tu hapa kwetu, Nakuru kwenye baridi ongeza. Ndiyo maana inafaa kuwa chini. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Inavuta oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu, na yenye mafuta mengi huchukua muda mrefu zaidi na kuendelea kujinyoosha. Ukiweka tabaka lenye mafuta machache juu ya lenye mafuta mengi, la juu litakauka kwanza, la chini litajongea, na picha itapasuka kama tope la Nyando wakati wa kiangazi. Kwa hiyo: tapentaini chini, rangi ya tyubu bila kitu katikati, rangi yenye tone la mafuta juu.

Ngozi

Maelekezo mengi ya kuchanganya rangi ya ngozi yaliandikwa kwa watu wa huko yalikoandikwa: nyeupe, pinki, manjano kidogo, kivuli kahawia. Watu wetu nao husoma hayo, halafu wakakisia kwamba mtu mweusi ni yale yale yaliyoongezwa kahawia na yakaongezwa nyeupe pale penye mwanga. Nilifanya hivyo. Shangazi aliitazama, akaugeuza mkono wake kuutazama, akasema, "Huyu hajapaka mafuta tangu Jumapili." Alikuwa sahihi. Nyeupe ikitiwa ndani ya kahawia huipausha. Ngozi yake haikuwa imepauka.

Ngozi nyeusi kwenye mwanga wa dirisha ina sehemu tatu ambazo lazima uzione kila moja peke yake. Ya kwanza ni mng'ao: juu ya shavu, ncha ya pua, mfupa wa kidole. Hapo unaona dirisha lenyewe likiwa limeakisiwa, kwa hiyo mng'ao huchukua rangi ya anga na kuwa baridi, wa kibuluu au kijivu. Ya pili ni eneo la kati, pale mwanga unapoanza kuinama kuelekea kivulini. Rangi ya mtu mwenyewe imekolea hapo kuliko popote, na kwa shangazi ilikuwa nyekundu-kahawia, karibu na shaba. Ya tatu ni kivuli, ambacho si cheusi. Sakafu yetu ni ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu, nayo ilirusha wekundu chini ya kidevu chake na chini ya mkono. Ukiweka kijivu hapo, shingo inakufa.

Changanya marundo matatu kabla ya kugusa ubao. Giza: siena ya kuchoma na altramarini, siena ikizidi kidogo. Kati: siena, amba kidogo, oka kidogo, na chembe ya nyekundu. Mwanga: chukua lile la kati, uliinue kwa oka kwanza, oka ikishindwa, ndipo utie nyeupe, kiasi cha punje ya mchele. Kwa mng'ao tengeneza rundo dogo la nne, nyeupe na altramarini kidogo na kipande cha lile la kati. Kabla ya kulitumia, paka kidogo kwenye ncha ya kisu, ukinyooshe mbele ya jicho hadi kisu kifunike shavu la mtu wako. Rangi ikipotea kwenye shavu, ni hiyo. Ikionekana, irekebishe. Dakika kumi kwa kisu zinashinda saa mbili kwa brashi.

Paka giza kwanza, kisha kati, kisha mwanga, kama vigae vinavyokutana, usivisugue pamoja. Mpakani pitisha brashi safi, kavu, mara moja tu. Ukisugua mara tatu umepata uji. Mng'ao uwe wa mwisho, matone machache. Kwa uso wote wa shangazi nilitumia manne, na mkono wa kulia mawili. Viganja, kucha na kingo za midomo havijakolea rangi kama mgongo wa mkono, na mikono inayochambua maharagwe huonyesha viganja muda wote. Mchoraji akikosea hapo mikono inaonekana imevaa glavu.

Leso, ukuta, uteo

Leso imeua picha nyingi. Mtu huanza kuchora ua moja moja na mwishowe ana karatasi ya kufungia zawadi mahali pa mapaja. Fanya kinyume: chora kwanza leso kana kwamba ni kitambaa kitupu cha rangi moja, mikunjo yote, kivuli na mwanga, uiache ikauke. Kikao kinachofuata weka nakshi juu yake, ukiipinda kila mahali mkunjo unapopinda na kuizamisha kwenye giza mkunjo unapozama. Jina la leso acha lisisomeke, hata kama unalipenda. Jicho likiona herufi husoma, na likisoma limeshatoka kwa shangazi.

Ukuta usiupake rangi moja. Karibu na dirisha una ubaridi, ukienda mbali unaingiwa na joto na kushuka ngazi moja au moja na nusu. Mabadiliko hayo yaende polepole, kwa brashi pana, bila pambo. Ukuta huu ulinichukua muda mrefu kuliko uso, na ndio unaobeba picha.

Uteo na maharagwe utavipenda sana, na hapo ujihadhari. Nilichora maharagwe 11 kwa ukamilifu, yaliyo karibu na kidole gumba. Mengine ni madoa ya rangi.

Kingo

Ukiwa na saa mbili tu za kuirekebisha picha nzima, zitumie kwenye kingo. Pale giza linapokutana na giza, yaani kisogo na kivuli cha ukutani, mgongo na kiti, acha mpaka upotee. Pale unapotaka jicho lisimame, acha mpaka ukate. Mwanafunzi huzungushia kila kitu mstari mkali, na mtu anakuwa kama aliyekatwa gazetini na kubandikwa. Katika picha hii mipaka mikali ilikuwa mitatu: kidole gumba juu ya uteo, ukingo wa uteo upande wa dirisha, na mstari wa paji la uso. Sufuria sakafuni niliilainisha hadi ikawa kama inakumbukwa tu.

Kungoja, kusafisha, na mambo ya moto

Kati ya tabaka na tabaka gusa pembeni kwa kidole. Ikinata, ngoja. Nyeupe ya titani ni mvivu, huweza kuchukua juma au zaidi, na majuma ya mvua kubwa huongeza. Sehemu za giza zikikauka zikafifia na kuwa kama vumbi, pangusia mafuta ya linsidi kidogo sana kwa kitambaa, ufute yaliyozidi, na rangi itarudi kama jiwe lililolowa.

Jioni funga dirisha kabla ya kuwasha taa. Wingu la visubi likitoka ziwani na kukuta taa na rangi mbichi, asubuhi utakuwa na ukuta wenye ndevu. Wakishanasa waache mpaka rangi ikauke, kisha uwakwangue kwa ukucha. Ukiwafuta wakiwa wabichi umewapaka.

Vitambaa ulivyofutia mafuta ya linsidi usivikunje na kuvitupa kwenye kona. Mafuta yakikauka hutoa joto, na katika kitambaa kilichokunjwa joto hilo halina pa kwenda. Kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Vitandaze nje kwenye kamba, kimoja kimoja, mpaka vikakamae, au vitie kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko. Tapentaini iliyochafuka iache itulie kwenye chupa, rangi izame, umimine ile safi ya juu uitumie tena. Usiimwage kwenye mtaro. Mitaro yetu yote inajua njia ya ziwani. Mikono isafishe kwa mafuta ya kupikia na kisha sabuni ya kipande, wala usile ukiwa na rangi vidoleni.

Picha ikiisha, usiigeuze uso ukutani au kuificha chini ya kitanda. Mafuta ya linsidi yakikaa gizani hugeuka manjano. Ikishakuwa hivyo, iweke chumbani penye mwanga wa kawaida, usio wa jua, na kwa majuma kadhaa njano hiyo itapungua. Vanishi ngoja miezi 6, ikiwa umepaka rangi nzito ngoja 12, na iwe vanishi ya picha inayoweza kuondolewa baadaye. Ile ya milango haiondoki, na itazeeka pamoja na picha kwa ubaya.

Yetu ilitundikwa Januari, mbali na moshi wa jikoni, kwenye ukuta ambao jua halifiki. Shangazi alisimama mbele yake muda mrefu. Akasema mikono ni yake. Akasema maharagwe yale yalikuwa na mawe mengi, alimwambia yule muuzaji. Kisha akaigusa fremu, akanigeukia.

"Na vitambaa vyangu uliviweka wapi?"